Kwenda Mto Karanga kwa Njia ya Machame

Maelezo yaliyotolewa ukumbini na mmoja wa waliomaliza Kidato cha Nne mwaka 1978, siku ya mkutano wa waliosoma hapa zamani



Nimeombwa nieleze safari tuliyoifanya watu watano wa darasa letu mwezi wa Septemba 2023, tulipopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kwanza sina budi kusahihisha uvumi uliokwisha kuenea hapa tangu asubuhi. Hatukufika kileleni, wala hatukukusudia kufika. Safari yetu ilikuwa ya kwenda Mto Karanga, pale unapokatiza njia ya wapandaji kwenye kimo cha mita karibu 4,000, kisha kurudi nyumbani.

Tulipowaambia watu habari hii walitucheka. Mmoja aliniuliza, "Mzee mzima utembee siku nne kwenda kutazama kijito?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Mto Karanga wengi wenu mnaujua kwa huku chini tu, pale unapopita kando ya mji wa Moshi. Na sisi tuliosoma hapa tumeyanywa maji ya mlima ule kwa miaka minne. Mtakumbuka ule mfereji uliopita nyuma ya mabweni, na madebe tuliyobeba kichwani kila alfajiri, na ile adhabu ya kujaza pipa la jikoni. Maji tuliyabeba sana, lakini hata mmoja wetu hakupata kuona yanakoanzia. Tukasema twende, maadamu miguu ingali inakubali.

Mdogo wetu alikuwa na miaka 61 na mkubwa 66. Kila mmoja alikwenda kwa daktari kwanza, akapimwa moyo na shinikizo la damu. Tulipata viongozi wawili wenye leseni, mpishi mmoja, na wapagazi kumi na watatu. Kule mlimani wapagazi hawaitwi wapagazi, wanaitwa wagumu. Nawaombeni mlishike jina hilo, maana nitalirudia.

Sasa niwaeleze njia yenyewe.

Lango la Machame liko kwenye mita karibu 1,800. Hapo unaiacha migomba na kahawa nyuma yako na kuingia msituni. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, kilometa kama 11, hadi karibu mita 3,000. Miti ni mikubwa, imevikwa kuvumwani kama manyoya. Chini yake kuna ua dogo jekundu lenye umbo la mkonga wa tembo, ambalo haliko popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Huko kuna unyevu hata wakati wa kiangazi. Matope yalitushika viatu, na mmoja wetu akauliza kama kweli tunakwenda kutafuta maji au tunayakimbia.

Siku ya pili msitu uliisha ghafla, kama uliokatwa kwa panga. Ukaanza ukanda wa vichaka vya erika, mti wenye majani membamba kama sindano, na matawi yake yananing'inia ndevu za rangi ya kijivu. Mguu ulianza kukanyaga vumbi. Tulivuka vijito viwili vitatu ambavyo havikuwa na kitu ila mchanga na mawe. Jioni tulifika uwanda wa Shira, kwenye mita karibu 3,800. Huko yako mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Ni moto wa volkeno uliopoa upesi ukawa kioo. Usiku ule maji ya kunawa yaliganda ndani ya beseni.

Siku ya tatu ndiyo iliyotufundisha neno jangwa. Kutoka Shira njia inapanda hadi mwamba uitwao Lava Tower, kwenye mita karibu 4,600. Hakuna mti, na majani ni haba mno. Ni mawe, changarawe, na ukoga wa rangi ya chungwa ulioshika juu ya miamba. Jua linachoma ngozi, na wingu likipita unatetemeka kwa baridi. Hewa ya hapo imepungua hata kufikia kama sehemu sita katika kumi za hewa ya pwani. Unapiga hatua kumi, unasimama. Wenzetu waliosema mwenda pole hajikwai, nadhani walipita pale.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alipoanza kuumwa kichwa na kutapika. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, lakini alisema kama baba. "Mzee, hapa hatukai. Dawa ya ugonjwa huu ni kushuka." Hakuna aliyebishana naye. Tulimshika mwalimu mkono huku na huku, tukashuka zaidi ya mita 600 hadi bonde la Barranco. Ilipofika saa mbili usiku alikuwa anakunywa mchuzi na kutuuliza nani ameficha kofia yake.

Bonde lile la Barranco, ndugu zangu, ni la ajabu. Baada ya jangwa unakuta mimea mirefu kuliko mtu, yenye shina nene na kichwa cha majani mapana juu. Wataalamu wanaiita senesio. Majani yake yakifa hayadondoki. Yanabaki yamelizunguka shina kama koti, yanalikinga na baridi ya usiku. Kando yake kuna lobelia, ambayo huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji yale huganda juu tu, na chipukizi lililo chini yake likasalimika. Niliwaza kwamba viumbe wale wanaishi mahali penye shida kwa sababu hawatupi kitu.

Siku ya nne tuliupanda Ukuta wa Barranco. Ni jabali la mita kama 250 kwenda juu, na unapanda kwa mikono na miguu. Ipo sehemu moja ambapo inakubidi uukumbatie mwamba kifua kwa kifua, huku nyuma yako hakuna kitu. Tulipokuwa tumeukumbatia hivyo, wagumu walitupita wamebeba mizigo kichwani, mikono yao huru, wakitusalimu, "Shikamooni wazee!" Tuliitikia marahaba kwa sauti ndogo sana.

Baada ya ukuta unafikiri kazi imekwisha. Haijakwisha. Njia inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, katika nchi kavu ya mawe na vumbi. Kulia kwako ni mawingu yaliyolala juu ya Moshi. Kushoto ni barafu zinazoning'inia kwenye paji la mlima. Hatimaye unafika ukingo wa korongo refu. Ng'ambo, karibu kiasi cha kuitana, unaziona hema za kambi ya Karanga. Lakini ili uzifikie ni lazima uteremke mpaka chini kabisa kwa njia ya kuteleza, kisha upande tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na huko chini mvunguni ndiko uliko mto.

Nitasema kweli: ni mdogo. Mtoto wa darasa la tatu angeuvuka kwa kuruka mawe mawili. Maji yanapita kati ya mawe meusi, baridi yake inauma mfupa. Lakini baada ya siku mbili za vumbi, sauti yake peke yake ilitunyamazisha. Tulikaa chini wote watano. Mwalimu alivua kofia.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo lililonileta mbele yenu. Mto Karanga ndio maji ya mwisho katika njia ile. Ukivuka pale, kambi inayofuata ni Barafu, kwenye mita zaidi ya 4,600, na jina lake lisiwadanganye, haina maji. Kila kikombe cha chai kinachonywewa Barafu, kila chupa inayopelekwa kileleni usiku ule wa mwisho, imetekwa katika kijito kile na kupandishwa na mtu.

Tulimkuta kijana mmoja anajaza chombo cha lita 20. Alitusalimu, akatupisha tunywe kwanza. Nilimwuliza anakipeleka wapi. Akasema Barafu. Ni kilometa kama nne, na kimo cha zaidi ya mita 600 kwenda juu, katika hewa ile niliyowaeleza. Nikamwuliza ni mara ya ngapi. Akasema mwezi ule hakuhesabu. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, na kwa kazi ile alikuwa anamlipia mdogo wake mahitaji ya shule. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mzee, wageni wakishuka wananionyesha picha ya kileleni. Hakuna hata mmoja aliyepiga picha ya hapa."

Hebu tupige hesabu kama tulivyofundishwa katika chumba kile cha mwisho. Sisi watano, viongozi wawili, mpishi na wagumu kumi na watatu: jumla watu 21. Kila mtu apewe lita tano tu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa. Hizo ni lita 105, yaani kilo 105. Mzigo wa mgumu kwa kanuni ni kilo 20. Kwa hiyo wanatakiwa watu sita wapande na maji peke yake, kwa usiku mmoja, kwa kundi moja dogo. Tena kule juu kupika kunakula muda na mafuta, maana kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi kama 87 tu za Sentigredi. Wale wenzetu waliolalamikia maharage magumu ya shule hii wajue kwamba kule yangekuwa magumu zaidi.

Jioni ile kambini ulitokea mjadala. Wenzetu wawili walijiona wana nguvu, wakasema kilele kiko palepale, kwa nini tusiendelee? Nawaelewa, nami nilikiangalia na moyo ulinienda. Lakini mwalimu asingeweza kupanda tena juu, na kumwacha nyuma peke yake hakukuwa desturi ya darasa letu. Na mmoja wetu akasema, "Kabla hatujaagiza maji yapandishwe Barafu kwa ajili yetu, twende kwanza tukachote ya hapa sisi wenyewe." Tukachukua kila mtu chupa ya lita tano, tukashuka mtoni. Ndugu zangu, kutoka kijitoni hadi hemani nilipumzika mara saba. Tulipofika hakuna aliyeleta tena habari ya Barafu. Asubuhi tukafuata njia ya pembeni, tukateremka kwa upande wa Mweka, wote watano kwa miguu yetu.

Sasa, yale maji yanatoka wapi? Wengi wetu tulifundishwa, na tukawafundisha watoto wetu, kwamba mito ya Kilimanjaro ni barafu iliyoyeyuka. Barafu ile inapungua kweli. Mwaka 1912 ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Kijito cha juu kama kile kinaiona hasara hiyo mapema. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayotufikia huku chini ni kazi ya msitu. Mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye ukanda wa msitu, karibu na mita 2,200, na hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kileleni hazifiki hata 300. Juu zaidi, zile erika zenye ndevu hukamata ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Maji huzama katika mwamba wa volkeno na kutokeza mbali chini, kama pale kwenye chemchemi za Shiri na Nsere zinazowanywesha watu wa Moshi.

Ndiyo maana moto wa mlimani ni msiba wa watu wote. Tangu miaka ya 1970 moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na maeneo makubwa ya erika yamegeuka nyasi na vichaka vifupi visivyokamata ukungu. Oktoba 2020 mlima uliwaka kwa siku nyingi. Oktoba 2022 moto ulizuka tena upande huu wa kusini, karibu na kambi ile ile ya Karanga. Moto mmoja wa mtu mzembe anayerina asali au kutupa kipisi cha sigara unachoma maji ya vijiji ambavyo hajawahi kuvisikia.

Na yanafika mbali. Maji ya mito ya upande ule hukutana katika Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yakashuka kwa Mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, yakaishia baharini. Nami nikikumbuka Pangani hukumbuka pia mtu mmoja. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, vitabu viliandika majina yao. Marangu wanamkumbuka Yohani Lauwo kuwa kiongozi wao. Lakini alikuwako pia Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu, akaitunza kambi katika baridi ile ili wanaporudi wakute mahali pa kulala. Mtu aliyetoka mto unakoishia alikuwa mlimani mito inakoanzia, anafanya kazi bila ya picha.

Nina mambo mawili ya kuomba, kisha nikae.

La kwanza ni kwenu ndugu zangu ambao sasa mna uwezo, mnaopeleka wageni na watoto wenu mlimani. Mnapolipia safari, ulizeni wagumu watalipwa kiasi gani, watalala katika hema gani, na mzigo wao utapimwa na nani. Msione haya kuuliza. Bei ikiwa rahisi mno, jueni yupo mtu aliyeilipia kwa shingo yake.

La pili ni kwa shule yetu. Juzi niliutembelea ule mfereji wa nyuma ya mabweni. Maji yamepungua, na kando yake imepandwa mikaratusi, mti unaokunywa kuliko ng'ombe. Darasa letu limekubaliana kuleta miche ya miti ya asili ya mlima huu, na tangi la kukingia mvua ya paa la ukumbi huu tuliomo. Fedha ya tangi tumekwisha kuichanga na kuikabidhi kwa mhasibu wa shule. Miche itafika mvua za masika zitakapoanza. Kupanda tutapanda sisi wazee. Lakini kumwagilia kiangazi ni kazi yenu vijana, na safari hii haitakuwa adhabu. Ndugu Mkuu wa Shule amenihakikishia kwamba kila kidato kitapewa mstari wake, na jina la kidato litaandikwa kwenye kibao.

Atakayeutaka mwaka ujao kuuona Mto Karanga, aandikishe jina lake kwa Katibu kabla ya kuondoka leo. Masharti ni matatu tu: cheti cha daktari, viatu vizuri, na chupa ya lita tano ya kuchotea mwenyewe.